Barua ya kufunga mwaka 2024, kwa wote mlioko kihambani, shamba letu la nyumbani

Saint Paul, Minnesota
Jumapili, 29 Desemba 2024

Mama shikamoo. Baba mdogo shikamoo, mashangazi wote shikamooni, kaka mkubwa shikamoo, mdogo wangu na wifi hamjambo, na watoto wote waliopanda huko kutoka Dar, Arusha na Mwanza nawasalimu sana. Wifi najua wewe ndo utasoma hii barua kwa sauti, nakuomba ukae upande wa kulia wa mama ambako anasikia vizuri, na usome taratibu, ukichoka mpe binti yetu wa Form Two aendelee maana naambiwa anasoma vizuri siku hizi.

Huku sisi wazima. Baba watoto mzima, yuko barabarani na lori anarudi keshokutwa Mungu akipenda, watoto wamefunga shule wako ndani wanagombania rimoti. Baridi ipo ya kawaida ya Desemba, na saa kumi na nusu jioni jua linazama, kwa hiyo hata ukiwa na siku ya mapumziko ukilala mchana kidogo tu ukiamka ni usiku, siku imekwisha hujafanya kitu.

Nimeamua mwaka huu niandike barua nzima kama zamani. Mnakumbuka nilipokuja huku mara ya kwanza nilikuwa naandika kila Desemba, kurasa tatu nne, naweka na picha ndani ya bahasha, na mama alikuwa anaziweka kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda. Alafu ikaja WhatsApp, tukafungua grupu la familia, barua zikakatika, maana nani ataandika barua wakati unaweza kurekodi voisi ukiwa unapika. Na kweli grupu lina faida, sisemi halina, habari ya msiba inafika dakika hiyo hiyo na mchango unakusanywa siku hiyo hiyo. Lakini juzi nilijaribu kutafuta humo mwaka wetu umeendaje, nikapanda juu, nikapanda juu, ni good morning zenye maua, ni mahubiri ya kufowadiwa, ni picha ya mtoto wa nani sijui amevaa joho, na sauti zingine hazifunguki tena kwa sababu nilibadilisha simu mwezi wa nane. Mwaka mzima tumeongea kila siku na ukitaka kujua tumeongea nini huupati. Hilo limeniuma sana, na ndo sababu nimekaa hapa mezani na kalamu.

Nianze na Krismasi maana ndo iko karibu. Mnajua nilikuwa kazini. Huku kwenye nyumba ya wazee sikukuu ni kazi kama siku nyingine, tofauti unalipwa mara moja na nusu, na sisi wageni ndo tunajaza zamu ili wenyeji wakae na familia zao, na mimi sioni ubaya, ada za shule huko nyumbani mnajua zinatoka wapi. Tarehe 24 nilitoka saa tano usiku, huko kwenu ilikuwa ni saa mbili asubuhi ya Krismasi. Nikakaa kwenye gari pale parking nikawasha injini ipate moto, nikapiga video, na wifi ukanipokea ukanizungusha kihamba chote. Niliona mbuzi ameshachunwa ananing'inia kwenye mparachichi, niliona kaka mkubwa ameshika kisu anatoa maelekezo kama kawaida yake, nikaona sufuria ya supu ya kisusio na wale wajomba wamekaa kwenye viti vya plastiki wanasubiri, na moshi wa jiko la mama umepita mbele ya kamera nikajua kabisa ni kuni za mkahawa zile. Mama ukaja ukasema "umekula?" Saa tano usiku, nje theluji, na swali ni umekula. Nililia mama, nikakwambia ni mtandao unakata, ila nililia.

Watu wa kabila zingine wanatutania kwamba Wachaga Desemba wanarudi kuhesabiwa. Waseme tu. Mtu anakaa Mbezi stendi siku nzima anatafuta basi, anasimama njia nzima mpaka Himo, wengine siku hizi wanapanda treni ile ya Dar mpaka Moshi, anafika kijijini ana vumbi mpaka kwenye kope, na wala hajutii nauli. Nimeishi nchi yenye kila kitu na sijaona sikukuu inayoweza kuhamisha watu wote hao kwenda kukaa chini ya migomba ileile waliyozaliwa. Kuna Thanksgiving huku, Alhamisi ya nne ya Novemba, viwanja vya ndege vinajaa na barabara zinajaa, hiyo ndo inakaribia kidogo. Mwaka huu tuliifanya kwetu, Watanzania wachache tuliopo na jirani zetu Wakisii ambao huku ni wengi sana, tukachoma bata mzinga kwa ajili ya watoto maana shuleni wameambiwa lazima bata mzinga, na pembeni pilau, na mimi nikapika mtori. Ndizi za dukani zinatoka Amerika ya Kati, ni zile za kuiva zinauzwa mbichi, ukipika zinabaki na utelezi fulani, siyo ndizi mshare za kwetu. Ila watu walikula wakamaliza sufuria.

Sasa mwaka wenyewe.

Januari na Februari zilikuwa za ajabu, baridi ilikataa kabisa kuja, wamesema ndo msimu wa baridi uliokuwa na joto kuliko yote tangu waanze kuweka rekodi hapa Minnesota. Wazee wanaopenda kwenda kukaa juu ya ziwa lililoganda watoboe barafu wavue samaki walikosa kabisa, mashindano mengi ya kuvua yakafutwa, na watoto wangu walishinda dirishani wakisubiri theluji wasiione.

Alafu tarehe 29 Februari akafariki Mzee Mwinyi. Hapa mama ndo nataka kukaa kidogo. Nilikupigia siku ile nikijua tutaongea dakika tano, pole na msiba wa taifa, basi. Ukaanza kusema jinsi alivyoingia 1985 na nchi ilivyokuwa imekauka, duka la kaya mnapanga foleni tangu alfajiri kwa kilo ya sukari na ikifika zamu yako imekwisha, nguo zinafuliwa kwa majani ya mpapai. Hizo nilishawahi kuzisikia. Ila siku ile ukasema kitu ambacho hujawahi kuniambia maisha yangu yote, kwamba 1982, mpaka wa Kenya ukiwa bado umefungwa tangu 1977, wewe na wanawake wengine wa huku juu mlikuwa mnashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe kama kawaida, alafu mnapitiliza kwa njia za porini mpaka Taveta upande wa Kenya, mnarudi na sabuni na mafuta ya kupikia ya Kimbo, na miche ya sabuni mnaificha katikati ya mzigo wa majani mnajitwika kichwani. Mgambo akiwasimamisha anaona mwanamke wa Kichaga na majani yake, anawaruhusu. Na kwamba safari moja mgambo mmoja alichomeka fimbo kwenye mzigo wako, akaichomoa, hakugusa kitu, na wewe ulisimama hapo shingo imekaza na mimi nikiwa tumboni wa miezi saba. Na mwaka uliofuata Waziri Mkuu Sokoine akaanza kuwashughulikia wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa sukari na mafuta mtoni usiku wasikutwe navyo, na baba akakukataza usishuke tena.

Mama, miaka zaidi ya 40 imepita, hakuna wa kukukamata, usinikasirikie kwa kuisema mbele ya watu. Naisema kwa sababu nina umri huu na nilikuwa sijui kwamba niliwahi kwenda Taveta. Na kaka mkubwa ambaye wakati huo alikuwa anakulia mgongoni kwa bibi sidhani kama anaijua pia. Nilikusikiliza simu ikiwa sikioni huku naandika nyuma ya karatasi ya ratiba ya zamu, na ile karatasi ninayo mpaka leo, ndo nimenakilia hapa. Kama nisingekuwa na kalamu mkononi siku ile ingekuwa imepotea kama voisi zingine.

Twende mbele. Aprili mvua ziliwapiga sana huko, tulikuwa tunaangalia picha za mafuriko tunapiga simu moja moja kuulizana nani yuko wapi. Mwezi wa sita treni ya umeme ya SGR ikaanza Dar mpaka Morogoro, Agosti Mama Samia akaizindua mpaka Dodoma, na binamu yetu akatutumia video ya spidi kwenye skrini ya behewa, 160, baba watoto akaionyesha kazini kwao kwa kila mtu.

Julai tulienda likizo, ya kwanza ya familia nzima tangu mdogo azaliwe, maana kila mwaka ni mimi zamu au yeye safari. Tulienda kaskazini kwenye mbuga ya Itasca, hapo ndo mto Mississippi unapoanzia, unatoka ziwani kama kijito, na wamepanga mawe pale unavuka kwa miguu. Huo mto ukishuka unaenda zaidi ya kilomita 3,700 mpaka Ghuba ya Mexico, na hapa nyumbani kwetu Saint Paul ni mpana unapitisha matishari ya mizigo, lakini pale mwanzoni mwanangu wa kiume wa miaka saba alisimama katikati maji yakamfika magotini, mguu mmoja upande huu wa jiwe mwingine upande ule. Akaniuliza kwa bibi kuna mto kama huu. Nikamwambia kwa bibi kuna mfongo, mfereji wa maji, unapita juu ya nyumba yetu, ulichimbwa na babu wa babu zake kwa majembe ya mkono ukaletwa kutoka msituni, na kila ukoo una siku yake ya kufungulia maji, na ukifungulia siku isiyo yako unaitwa kwa wazee. Akataka kujua sisi siku yetu ni ipi. Baba mdogo naomba unijibie hilo, bado ni ileile ya zamani au mmepanga upya? Nimesikia maji yamepungua na matawi mengine ya mfongo yameachwa, nataka nimwambie mtoto kitu cha kweli.

Mbu wa kule Itasca sitawasimulia. Hawana malaria lakini wanauma kupita suruali.

Novemba ilikuwa nzito. Kwanza lile ghorofa la Kariakoo lililoporomoka Jumamosi tarehe 16. Huku ilikuwa usiku wa manane, nimetoka kazini hata viatu sijavua, nafungua simu nakuta picha za vumbi na kifusi. Grupu kimya. Watu thelathini na kitu kwenye grupu na hakuna anayeandika kwa sababu kila mtu anampigia yule yule mmoja mwenye duka Kariakoo, na simu yake haipatikani. Nilikaa chini kwenye zulia pale mlangoni. Alipokuja kuandika "niko salama, siyo mtaa wangu" sikujibu hata neno, nilienda kuwaangalia watoto wamelala. Wenzetu wengi hawakupata hiyo meseji, Mungu awapumzishe, na familia zao Krismasi hii imekuwa ya namna nyingine kabisa. Siku tatu baadaye Taifa Stars wakamfunga Guinea moja bila, Msuva, tukafuzu AFCON, na mdogo wangu ukapiga simu asubuhi ya huku unapiga kelele mpaka nikashindwa kukuelewa. Nakumbuka nilifurahi na nikaona vibaya kufurahi, yote kwa pamoja.

Na kahawa. Mwezi huu bei ya kahawa kwenye soko la New York imevunja rekodi iliyowekwa 1977, sababu kubwa ni ukame Brazil, kama ambavyo miaka ile ilikuwa ni baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975. Baba alikuwa anatuambia nyumba hii iliezekwa bati kwa kahawa na sisi wote tumesomeshwa kwa kahawa. Wiki iliyopita nimeona dukani kipakiti kimeandikwa Tanzania Peaberry, zile punje za mviringo zinazokaa moja moja kwenye tunda, nikakinunua ingawa bei yake ilinifanya nisimame kidogo. Swali langu kwako mdogo wangu: hiyo bei imefika kwenu? AMCOS, chama cha ushirika hapo, wanalipa ngapi kilo? Na ile mibuni ya upande wa makaburi uliyosema unataka kuing'oa upande parachichi, sikukatazi, kihamba ni chako wewe ndo kitinda mimba na wewe ndo unakilima, lakini naomba usiing'oe mwaka huu. Subiri msimu mmoja tuone.

Sasa nifike kwenye ninachotaka kuwaomba.

Tarehe 25 mchana nilikuwa na bibi mmoja kazini, ana miaka zaidi ya tisini, babu zake walitoka Norway kama wengi wa huku. Binti yake alikuja na lefse, ni kama chapati nyembamba sana ya viazi, wanapaka siagi na sukari wanakunja, na bila hiyo kwao Krismasi haijafika. Akaja pia na daftari. Daftari kuukuu la jalada gumu, uti wake umeshonwa upya kwa uzi. Akaliweka kwenye mapaja ya mama yake, akanifungulia nione. Kila Krismasi ya familia yao ina ukurasa wake, tarehe juu, alafu nani alikuja, nani hakuja na kwa nini, walikula nini, theluji ilikuwa kiasi gani, nani amezaliwa, nani wamemzika, ng'ombe yupi alikuwa mgonjwa. Mistari michache tu. Miandiko inabadilika, wa kwanza ulikuwa wa mama yake huyo bibi, ukaja wa bibi mwenyewe, sasa ni wa binti. Kuna ukurasa mmoja wa wakati wa vita una mstari mmoja peke yake, kwamba kaka yao yuko baharini na hawana habari zake. Bibi huyo siku nyingi hakumbuki amekula au hajala, lakini binti yake aliposoma ukurasa wa mwaka mmoja wa zamani akamalizia mwenyewe sentensi iliyobaki, bila kuangalia daftari.

Nilimaliza zamu nikiwa nalifikiria hilo daftari tu. Sisi tuna watu wengi kuliko wao, tuna sherehe kubwa kuliko yao, wazee wetu wana habari nzito kuliko zile za ng'ombe, na hatujaandika hata mstari. Baba aliondoka na mengi. Ile hadithi ya babu kwenda Moshi kwa miguu na gunia la kahawa kupeleka chama cha ushirika cha KNCU, nani kati yetu anaijua yote? Kila mtu ana kipande.

Kwa hiyo nimetuma hela kwa simu ya wifi, imo ya mama ya dawa za presha, imo ya nyama ya wazee wa Mwaka Mpya, na imo ya kununua kaunta buku kubwa, ile nene ya kwaya (quire) nne, pale Marangu Mtoni. Msinunue ndogo. Binti wa Form Two ndo ataandika kwa sababu ana mwandiko mzuri na ana subira, na kabla watu hawajaanza kushuka mjini tarehe 2 na 3 akae na kila mmoja. Aandike ukurasa wa 2024: nani wamekuja Krismasi hii na nani tumekosa, mmechinja nini, nani kachoma ndafu, yule mbuzi mzima, pombe ya mbege ilikolea au gome la msesewe lilizidi, nani wamezaliwa, nani wamezikwa, nani wamepatana. Maana nimesikia wale ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wamepeana sale, lile jani la kuombana msamaha, mbele ya wazee, na mimi hilo nimelisikia kwa watu wa nje. Iandikwe ilikuwa siku gani na nani aliipeleka.

Alafu jioni moja mkishakula, mama akae karibu na moto, mumuulize habari za Taveta. Asiharakishwe. Walikuwa wanawake wangapi, majina yao, walipitia wapi, waliuza wapi sabuni, ilikuwa shilingi ngapi. Wengine wako hai bado hapo hapo kijijini na ni bibi za watu. Binti aandike kama bibi anavyosema, hata kama ni Kichaga aandike Kichaga chake hivohivo, asikinyooshe. Na mtu arekodi pia kwa simu, lakini daftari ndo daftari.

Na mimi ukurasa wangu ni hii barua, ibandikwe humo kwa gundi.

Kuhusu kuja, tumeongea na baba watoto na tumekubaliana, Desemba 2025 tunakuja wote wanne. Nauli za Desemba ni za juu na ndo maana tumeanza kuweka tangu sasa, tunapita Amsterdam mpaka uwanja wa ndege wa KIA, na mwezi huu nimeshamwambia bosi wangu kwamba sikukuu ijayo asiniweke kwenye ratiba. Watoto nimeanza kuwazoesha Kiswahili mezani, Jumapili hakuna Kiingereza, mkubwa analalamika ila anajitahidi. Mdogo ameshaniuliza kama ataruhusiwa kushika kamba ya mbuzi. Kaka mkubwa hiyo ni kazi yako.

Mama, vidonge vya presha umeze asubuhi, siyo ukijisikia vibaya. Yule wa duka la dawa akikosa usisubiri, mwambie mdogo wangu ashuke Himo. Na sweta la kahawia nililotuma kwa yule mama wa Kilema livae, usiliweke sandukuni.

Wifi, asante kwa kusoma. Nipigieni mkishanunua daftari niongee na huyo binti nimpe maswali mengine, niko off Jumatano, saa moja jioni ya kwenu nitakuwa nimeamka.

Aika mae.

Mimi binti yenu